Asipojibu Ndani ya Mwezi Mmoja

Matane, 2 Oktoba 2011

Mjukuu wangu Maryse, ambaye siku hizi ni mwenye nyumba (usicheke, mimi nacheka tayari),

Usinipigie tena simu. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linasikia linachotaka, na kwenye simu wewe unakuwa nyuki ndani ya kopo. Andika. Niliacha shule darasa la sita nikaenda kubeba barafu nyumba kwa nyumba, lakini kusoma najua, na kuandika unaona mwenyewe.

Umeuliza mtu anaanzaje kazi hii. Nimeishika nyumba ile ya Verdun, huko Montreal, miaka arobaini na moja kabla ya kukuuzia, kwa hiyo nina haki ya kujifanya profesa.

Mtu akija kuomba kupanga, usisikilize anachosema. Wanaotafuta nyumba wote ni watakatifu. Mwambie utampelekea fomu huko anakokaa sasa, halafu fika mapema. Ukikuta ndani ya friji kumeoza, geuka na fomu yako. Gari lake nalo lichungulie. Gari ni chumba cha kulala ambacho mwenyewe amesahau kukitandika.

Ngazi zetu za nje, zile za chuma zilizojinyonga kama utumbo, nadhani zilibuniwa na mtu aliyemchukia mama mkwe wake. Theluji ikianguka, wewe uwe wa kwanza pale na koleo na chumvi. Mpangaji akiteleza, hatelezi peke yake. Anateleza pamoja na wewe na wakili wake.

Ufunguo unao, lakini usiingie kwa mtu bila kumwambia siku moja kabla. Niliwahi kuingia kimyakimya nikamkuta bwana mmoja ndani ya beseni la kuogea anapuliza tarumbeta. Hatukutazamana tena mpaka alipohama.

Sasa karatasi. Fomu zinauzwa duka la dawa, karibu na dawa za kuharisha, na namna ya kuzitumia ni moja. Kila unachompelekea mpangaji, kipeleke kwa barua ya rejista na risiti yake uifiche. Ana mwezi mmoja wa kukujibu. Asipojibu ndani ya mwezi mmoja, amekubali. Wengi hawajibu. Mimi nimeishi vizuri kwa uvivu wa watu wengine.

Wapangaji wako unawajua. Juu, wale wapiga fidla wawili. Katikati, akina Gendreau na watoto wao wenye viatu vya mbao, nadhani. Chini, Rollande Pagé. Rollande mwache. Yeye usimguse.

Mimi hapa kwenye nyumba ya wazee ni mpangaji, jambo ambalo tangu 1970 sijalionja. Nimeshabadilishiwa chumba mara mbili. Cha kwanza kiliangalia ukuta, cha pili kinaangalia mto lakini hita inakohoa kuliko mimi. Jeli ya kijani mara nne kwa wiki. Nimeandika malalamiko na wamenijibu kwa tabasamu.

Ndugu ya babu yako,
Ovila Charlebois


Montreal, 20 Novemba 2011

Babu Ovila,

Ungeniambia kwamba mwenye nyumba halali. Nikiwa kazini kwenye uwanja wa hoki ya barafu, niko juu ya ile mashine ya kulainisha barafu, nazunguka, nazunguka, na kichwani nazunguka na bomba la akina Gendreau. Lilipasuka Jumanne. Fundi akasema nyumba hii ina mabomba ya enzi tatu tofauti na hakuna yanayoelewana. Akaniuliza nani alifunga kiungo cha chini ya sinki kwa soksi. Nikasema sijui. Ni wewe?

Ushauri wako nimeufuata. Mpiga fidla mmoja alitaka kumleta rafiki yake akae naye, nikaenda kumchungulia gari. Akanikuta nimebandika pua kwenye kioo. Akadhani naiba. Nimejieleza mbele ya polisi, Babu, kwa upole sana.

Mimi na Yanick bado tuko Rosemont, ghorofa ya tatu, ngazi arobaini na mbili. Nazihesabu siku hizi. Yanick bado anaendesha treni za madini kule Sept-Îles, wiki tatu huko, wiki moja hapa, na akirudi analala kama gunia.

Nina swali, nauliza tu. Mwenye nyumba akitaka kukaa mwenyewe kwenye ile ya chini, anafanyaje? Sina haraka. Nauliza tu.

Maryse


Matane, 30 Novemba 2011

Maryse mwenye soksi,

Soksi ile ilikuwa ya sufu safi, imedumu tangu 1983, na ningependa kurudishiwa.

Kuhusu polisi, nimewasomea barua yako watu wa mezani kwangu, na Bwana Lepage amecheka mpaka meno yamedondoka kwenye supu ya njegere. Ndiyo burudani kubwa tuliyopata tangu lifti ikwame.

Ya nini kukaa chini? Chini kuna unyevu. Chini unasikia maisha ya watu wote walio juu yako, na ukishayasikia huwezi kuwaheshimu tena. Kijana kama wewe apande ngazi, miguu ikae imara. Kaa Rosemont, mwenye nyumba wako ni mtu mwema, anasahau kupandisha kodi. Mtu wa namna hiyo haachwi.

Nimehamishwa chumba tena. Sasa niko karibu na jiko. Najua jeli inakuja kabla haijafika.

Ovila


Verdun, 9 Januari 2012

Bwana Ovila,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, isipokuwa goti.

Siku mbili kabla ya mwaka mpya tarishi alinitaka niweke sahihi ya barua ya rejista. Imetoka kwa mjukuu wako. Inasema anaichukua nyumba yangu tarehe moja Julai ili akae mwenyewe. Imeandikwa kwa adabu. Amenitakia na Krismasi njema.

Sikupenda kumwandikia yeye kabla ya kukuandikia wewe. Unakumbuka Januari ya 1998, barafu ilipoangusha nyaya za umeme mji mzima. Mlikaa hapo juu yangu. Ulimshusha mkeo Gilberte kwenye kiti cha jikoni, wewe na mzee Gendreau, ngazi zote zikiwa kioo, kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa na jiko la kuni. Alilala kitandani kwangu siku kumi na moja. Nilimsugua miguu. Siku umeme uliporudi ulisimama pale mlangoni ukasema, "Rollande, humu ndani utatoka siku utakapobebwa." Sikukuomba useme. Ulisema mwenyewe.

Nina miaka sabini na sita, na ndani ya nyumba hii nina thelathini na nne. Najua ulimwuzia. Sikujua kama ulimwuzia na maneno yako.

Nifanye nini?

Rollande Pagé


Matane, 14 Januari 2012

Rollande,

Naapa kwa kalisi na tabernakulo na kila chombo cha altare, sikusahau. Neno nililisema na neno lipo.

Sikiliza. Usijibu. Usitie sahihi popote. Karatasi iweke kwenye droo pamoja na rozari, ufunge. Karatasi ya kupandisha kodi, mpangaji akinyamaza, amekubali. Lakini hii ya kutaka nyumba ni kinyume: mpangaji akinyamaza, amekataa. Mwenye nyumba akitaka kuendelea, lazima aende mwenyewe kwenye Baraza la Nyumba, na muda wake ni mwezi mmoja tu baada ya hapo. Akichelewa, basi, mwaka umekwisha, na wewe uko palepale. Imeandikwa nyuma ya fomu kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Maryse hasomi nyuma ya kitu chochote. Hata sanduku la keki analipasua upande usiofaa.

Utauliza kwa nini sikumwambia nilipokuwa namwuzia. Nilitaka. Nilishika kalamu mara nyingi. Lakini nyumba yenye neno ndani yake haiuzwi kwa bei ya nyumba tupu, na hawa wa nyumba ya wazee walikuwa wanataka malipo ya mwaka mzima. Nikasema nitamwambia baadaye. Baadaye nikawa mbali.

Usihangaike. Mtoto yule atapiga kelele kidogo, halafu atapoa. Ana mahali pake pa kukaa, hana dhiki yoyote.

Ichome barua hii.

Ovila


Montreal, 27 Machi 2012

Babu,

Imekuwa! Nilikuficha kwa sababu ulishaanza kuniambia habari za unyevu, nikajua utanikatisha tamaa. Mwezi wa kumi na mbili nilinunua fomu duka la dawa, nikampelekea Madame Pagé kwa rejista kama ulivyonifundisha. Nikahesabu siku. Januari ikaisha, hajajibu. Februari ikaisha, hajajibu. Machi hii, kimya. Asipojibu ndani ya mwezi mmoja amekubali! Nilikuwa nakutana naye akimwaga majivu, ananiambia bonjour, nami bonjour, namwona mtulivu kabisa, nikasema moyoni, huyu mama ni mwungwana, hataki hata mabishano.

Basi nimeandika barua ya kuhama Rosemont. Mwenye nyumba wangu alisikitika, lakini wiki ileile akapangisha kwa wengine, wameshaweka sahihi. Akina Gendreau na wapiga fidla wote wameendelea na mikataba yao hadi mwakani, kwa hiyo nyumba yetu imejaa vizuri, kila mtu na sakafu yake. Yanick ameomba kuhamishiwa treni za huku.

Na sasa la pili, ambalo ndilo la kwanza. Nilitaka nikuambie uso kwa uso, lakini kutoka hapa hadi Matane ni mbali na tumbo halitaki basi. Nina mimba, Babu. Atazaliwa katikati ya Julai. Ndiyo maana ya zile ngazi arobaini na mbili. Nimeshapanda zaidi ya nilizotakiwa kupanda, na daktari anaziulizia kuliko anavyoniulizia mimi.

Nimenunua rangi ya vyumba vya mbele. Njano ya siagi. Niandikie kitu cha kunichekesha.

Maryse


Matane, 31 Machi 2012

Maryse mpenzi,

Hongera. Hongera sana. Nimefurahi mpaka nimekaa chini.

Nenda ukamsalimie Rollande. Peleka pai ya sukari. Usiende na rangi. Nenda upesi, mwanangu, usingoje Pasaka.

Ovila


Montreal, 10 Aprili 2012

Bwana Charlebois,

Nilikwenda na pai.

Alinikaribisha sebuleni. Kwenye dirisha la mbele ana makopo kumi na sita ya miche ya nyanya, kila moja na kijibandiko chake. Nikamwuliza atazipanda wapi. Akasema hapohapo uani, kama kila mwaka. Nikacheka, nikadhani anatania. Nikamwuliza kama ameshapata nyumba. Akalitazama tumbo langu. Akaniuliza nina miezi mingapi. Nikasema sita. Akaenda chumbani, akarudi na droo nzima, Babu, aliichomoa na kuibeba kama sinia, akaiweka juu ya magoti yangu. Rozari, notisi yangu, na barua yako.

Akasema, "Aliniambia niichome. Mimi sichomi barua za watu, sijui nani atazihitaji."

Nimeisoma kwa mwandiko wako. "Atapiga kelele kidogo, halafu atapoa." Sijapiga kelele. Pale sebuleni nilikula pai yangu mwenyewe, vipande viwili, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

Nimekwenda Barazani. Yule bibi wa dirishani alikuwa mpole. Muda ulikwisha Februari. Hakuna la kufanya hadi mwakani. Nimezunguka Verdun na Rosemont na Hochelaga na tumbo hili. Wakiniona wananipenda sana, halafu wananiuliza atalia usiku?

Tarehe moja Julai, siku mikataba ya nyumba inapoisha, mji mzima utakuwa barabarani na friji zao. Mimi nitakuwa na nyumba ya sakafu tatu na sina pa kulala.

Umenifundisha kazi vizuri. Usiniandikie.

Maryse


Matane, 15 Aprili 2012

Maryse,

Sikujua habari ya mtoto. Hili si la kujitetea, nalisema tu. Ningejua nisingefanya. Uongo: labda ningefanya vilevile, ila kwa aibu zaidi. Siku hizi sijui tena.

Ovila


Matane, 29 Aprili 2012

Maryse,

Hujajibu, na najua maana yake ni ile ya karatasi ya kutaka nyumba: umekataa.

Jumatano nilipanda basi kuja kwako. Nilifika Rimouski nikashuka kukojoa, basi likaondoka, na pale kituoni nikatambua kwamba sikuwa na la kukuambia nikifika. Nikarudi. Wauguzi wamenipa kengele ya mkononi kama ya ng'ombe.

Nilikuandikia nasaha kurasa nzima na sikukuandikia moja iliyotakiwa. Kabla hujanunua nyumba, mwulize anayeuza: nani humu ndani umemwahidi nini? Mwulize akiwa hana pa kukimbilia. Bomba utaliona, ufa wa msingi utauona, paa utapanda utalikagua. Neno halionekani mpaka ulikanyage.

Nilikukalia kimya wewe, nikamfundisha na yeye kukaa kimya, kila mmoja kwa sababu yake, nikajiona mjanja kama mbweha.

O.


Matane, 30 Aprili 2012

Rollande,

Hukuichoma. Ulifanya vyema, nadhani.

Naandika kuomba kitu ambacho mwanaume haombi. Nirudishie neno langu. Niambie, Ovila, nimekufungua, nami nitakutafutia mahali, hapa Matane kuna chumba kizuri, hita inakohoa lakini mto upo. Nitakupa kile changu. Mtoto atazaliwa Julai.

Ovila


Verdun, 8 Mei 2012

Bwana Ovila,

Neno lako silirudishi. Ukishanipa kitu ni changu, na mimi natunza vitu vyangu. Chumba chako kaa nacho, na jeli yake.

Nashangaa kwamba watu wawili mmeandikiana majira ya baridi yote kuhusu nyumba yangu na hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Wewe uliniambia ninyamaze. Nilinyamaza miezi mitatu huku nikimwona mtoto wa watu anamwaga chumvi kwenye ngazi zangu kila asubuhi, hajui kitu. Nilikuwa namsalimu na sauti yangu mwenyewe inanichukiza. Siku nilipomwona tumbo, sikuhitaji tena mtu wa Matane kunishauri.

Nitamwandikia mwenyewe. Kwa rejista.

Yale madirisha ya mbele uliyoniahidi kuyakwangua na kuyapaka rangi mwaka 1994, hilo nalo ni neno. Natarajia kukuona mwisho wa Juni, na ngazi ya kupandia uje nayo au usije nayo, hilo ni lako.

Rollande Pagé


Verdun, 21 Mei 2012
KWA BARUA YA REJISTA

Kwa Mademoiselle Maryse Charlebois, mwenye nyumba

Kuhusu: sakafu ya chini

Mademoiselle,

Kwanza, najibu notisi yako ya mwezi wa kumi na mbili, ambayo nilikosea kutoijibu. Jibu ni hapana. Sitoki.

Pili. Nyumba hii ina vyumba sita. Mimi nalala kile cha nyuma karibu na jiko la kuni. Vile viwili vya mbele vilivyoungana, vyenye dirisha la miche, navipitia tu kwenda mlangoni. Natafuta mtu wa kuvipanga kuanzia tarehe moja Julai. Awe mtulivu. Mtoto si kipingamizi; mimi nililea wanne na goti ni moja tu linaloniuma. Mume akiwepo wiki moja kwa mwezi inatosha.

Tatu. Nimesoma sheria, mbele na nyuma. Mpangaji haruhusiwi kumpangisha mtu mwingine ndani ya nyumba bila kumwomba mwenye nyumba. Kwa hiyo nakuomba wewe, kama mwenye nyumba, uniruhusu nikupangishe wewe.

Masharti. Nyanya zikiiva ni za wote, mche haushikwi kabla ya hapo. Jikoni kwangu hakufungwi kitu kwa soksi. Ukitaka kuingia chumbani kwangu kutazama bomba lako, utaniambia siku moja kabla. Mtoto akilia usiku, utamleta kwenye jiko la kuni, na hutaomba msamaha.

Najua una hasira. Si lazima uziache nje. Mlango ni mpana. Lakini nataka unijibu kwa mdomo au kwa maandishi. Una mwezi mmoja. Usipojibu, nitahesabu umekataa, na itaniuma.

Rollande Pagé


Montreal, 23 Mei 2012
KWA BARUA YA REJISTA

Madame Pagé,

Mimi mwenye nyumba nimekuruhusu. Mimi mpangaji nimekubali.

Nimesoma na upande wa nyuma. Hakukuwa na kitu, lakini nimesoma.

Rangi ni njano ya siagi. Kama hupendi, sema sasa.

Maryse Charlebois


Matane, 12 Agosti 2012

Maryse,

Unaona nimengoja kabla ya kuandika. Ulisema nisiandike, na barua ya kunifungulia hukunitumia. Lakini jana nimepata picha ya mtoto ndani ya bahasha, bila neno lolote. Nikaitazama na nyuma. Nyuma uliandika uzito wake. Nimeamua hilo ni jibu.

Noélie ni jina zuri. Nilitegemea Ovilette, lakini nimepoa.

Sijawahi kuona tarehe moja Julai kama ile. Miaka yote nilikuwa mwenye nyumba, siku hiyo nilikuwa nakimbia na funguo, nagombana na watu waliobeba hadi balbu za taa. Mwaka huu nilikuwa juu ya ngazi mbele ya dirisha la Rollande na brashi, nautazama mtaa mzima ukipita na magodoro. Nilihesabu friji thelathini na moja, na piano moja iliyoshindwa kwenye kona ya ngazi za jirani na kuachwa palepale hadi jioni, mtu akakaa akaipiga. Wewe ulipita chini yangu na masanduku ingawa ulikatazwa kubeba. Nilikuambia uache. Hukunisikia, au sikio lako nalo limekufa upande wangu. Yanick akanipa maji. Hukuniambia neno lolote mpaka mkono wa pili wa rangi, na hapo ukasema, "Babu, umeacha madoa kwenye kona." Nilishuka, nikahamisha ngazi, nikapaka ile kona mara tatu. Sijawahi kupaka kona kwa furaha namna ile. Hayo usimwambie Rollande, ataniletea kona nyingine.

Nyumba ya wazee wamenipa karatasi ya kupandisha kodi. Wengine hapa huitupa kwenye droo. Mimi nimewajibu kwa maandishi siku ileile: hapana, mpaka hita iache kukohoa. Bwana Lepage na wengine sita wameomba niwaandikie na zao. Nina wateja kama wakili.

Rollande naye ameandika. Anasema kuna nyanya nyingi kuliko midomo, kwamba wewe unamwomba ruhusa kabla ya kutengeneza hata koki ya nyumba yako mwenyewe na yeye anakupa akipenda, na kwamba Noélie analala kwenye kapu kando ya jiko la kuni, mahali pale kitanda kilipokuwa, nami najua ni kitanda gani anachosema, kile cha siku kumi na moja.

Mwishoni ameniuliza kama nitakuja Krismasi. Amesema nina mwezi mmoja.

Barua ilifika saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilikuwa posta, na kengele yangu ya ng'ombe mkononi, nadai stempu.

Ovila